Kiti cha Mtoto cha Mtumba: Yatazame Haya Kabla ya Kumfunga Mwanao

Na Mwandishi Wetu, Ngara

Mama aliyejifungua katika Hospitali ya Murgwanza au ya Rulenge wilayani Ngara, au katika hospitali iliyopo Biharamulo mjini, hufanya safari ya kwanza na kichanga chake siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Kwa familia nyingi safari hiyo hufanyika kwa gari: gari dogo la ndugu au jirani, teksi, ama Noah na Probox zinazobeba abiria. Kichanga hufungwa vizuri katika khanga na kupakatwa mapajani, na dereva husihiwa aende taratibu. Wakazi wa Nyakahura, Kasulo na Rusumo hulazimika pia kupita katika barabara kuu ya Lusahunga hadi Rusumo, yenye urefu wa takriban kilomita 90, ambayo hupitiwa usiku na mchana na malori yanayotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda nchi jirani za Rwanda na Burundi.

Katika miaka ya karibuni baadhi ya wazazi wanaomiliki magari wameanza kuulizia kiti maalumu cha mtoto. Kiti kipya ni ghali na si bidhaa ya kila duka katika miji yetu, hivyo vingi wanavyovipata ni vya mtumba. Vipo vinavyokutwa kwenye buti la gari lililoagizwa kutoka Japani, vipo vinavyouzwa magulioni pamoja na nguo na vyombo vya nyumbani, na vipo vinavyopokewa kutoka kwa ndugu au mtumishi mwenzao ambaye watoto wake wamekua. Swali linaloulizwa ni moja: je, kiti kilichokwishatumika kinaweza kuaminiwa kumkinga mtoto?

Jibu fupi ni kwamba kinaweza, ila historia ya kiti ndiyo inayoamua, na sura yake ya nje huamua machache sana. Makala haya yanaeleza kwa nini iwe hivyo, na jinsi mzazi anavyoweza kukikagua kiti mwenyewe, nyumbani, bila vifaa vya kitaalamu.

Kwanza ni vyema kufahamu kazi ya kiti chenyewe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu ulioruhusiwa katika maeneo ya makazi, likigonga kitu na kusimama, kila kilichomo ndani huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule hadi kizuiwe. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, mwendo huo ni sawa na wa mtu aliyeanguka kutoka kimo cha karibu mita 10, yaani kutoka ghorofa ya tatu. Ikiwa kusimama huko kutachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 atavuta mbele kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 140, karibu mifuko mitatu ya saruji. Hata kichanga cha kilo 3 huwa mzigo unaozidi kilo 40. Hakuna mikono ya mama, hata awe na nguvu na upendo kiasi gani, inayoweza kuushika mzigo huo katika muda ambao ni mfupi kuliko kupepesa macho. Hatari ni kubwa zaidi pale mama anapojifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto, kwani mwili wa mama humkandamiza mtoto kwenye mkanda.

Kiti cha mtoto hufanya mambo mawili. Humshikamanisha mtoto na gari ili asimame pamoja nalo, na huisambaza nguvu ya mgongano kwenye sehemu imara za mwili wake, yaani mabega, kiuno na mgongo, badala ya kuiacha yote ikaishie shingoni au tumboni. Shirika la Afya Duniani limeeleza katika taarifa zake za usalama barabarani kwamba matumizi ya vizuizi vya watoto kwenye magari yanaweza kupunguza vifo vya watoto katika ajali kwa asilimia 60 au zaidi. Taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2018 iliiweka Tanzania miongoni mwa nchi ambazo sheria yake ya usalama barabarani haikuwa na sharti la kitaifa la kutumia kiti cha mtoto. Msingi wa sheria yetu, Sura ya 168, uliwekwa mwaka 1973, wakati ambapo familia zenye gari binafsi zilikuwa chache mno. Hata hivyo mzazi hahitaji kusubiri kulazimishwa na askari wa barabarani ndipo amkinge mtoto wake.

Sasa tuje kwenye kiti kilichotumika. Wamiliki wa pikipiki wanafahamu kwamba kofia ngumu iliyokwisha kugonga lami haifai tena, hata kama rangi yake ingali inang'aa. Kiti cha mtoto nacho ni kifaa cha namna hiyo. Ganda lake la plastiki hupinda wakati wa mgongano ili kupokea nguvu, povu gumu jeupe lililo chini ya kitambaa hubonyea na kubaki limebonyea, na nyuzi za mikanda hunyooka. Baada ya hapo kiti huweza kurudi katika umbo lake, kikafutwa vumbi na kuvishwa kitambaa kilichofuliwa, kikaonekana kizima kabisa. Katika ajali ya pili hakitakuwa na cha kutoa. Ndiyo maana kiti kibovu kina madhara ambayo kutokuwa na kiti hakuna: humpa dereva imani ya uongo, naye akaongeza mwendo.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, huelekeza kwamba kiti kilichokuwamo ndani ya gari lililopata ajali ya wastani au kubwa kisitumike tena. Kwa ajali ndogo kinaweza kuendelea kutumika ikiwa tu masharti matano yametimia yote kwa pamoja: gari liliweza kuendeshwa kuondoka eneo la tukio, mlango uliokaribu na kiti haukuharibika, hakuna abiria aliyeumia, mifuko ya hewa haikufumuka, na kiti chenyewe hakina dosari inayoonekana. Sharti moja likikosekana, kiti kimemaliza kazi yake. Mzazi ataona mara moja kwamba manne kati ya masharti hayo hayawezi kujulikana kwa kukitazama kiti. Yanajulikana kwa kumuuliza aliyekuwa nacho.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kujikuta na viti viwili vya kuchagua, wiki chache kabla ya mtoto wake wa kwanza kuzaliwa. Cha kwanza kilikuwa gulioni, kisafi, kitambaa cha kijivu kisicho na doa. Muuzaji, kijana mchangamfu, alisema, "Kaka, hiki hakina neno, kimetoka Ulaya." Alipoulizwa kimetoka kwa nani, alijibu kwa ukweli kwamba kilikuja ndani ya robota na hajui zaidi ya hapo. Cha pili kilikuwa cha mama mmoja mtumishi mwenzetu aliyekaribia kustaafu, ambaye mjukuu wake alikuwa amekizidi umri. Kilikuwa kichafu, kimeganda uji na makombo ya biskuti, kitambaa kimepauka upande mmoja. "Shikamoo mama, kiti hiki kimewahi kupata ajali?" "Marahaba mwanangu. Ajali haijawahi. Nilikinunua kipya, na kitabu chake kipo kabatini." Kile cha gulioni, kitambaa kilipofunuliwa, kilikuwa na mstari mweupe mwembamba kama unywele kwenye plastiki, pale pale unapopita mkanda wa gari. Kile cha uji ndicho kilichomleta mtoto nyumbani.

Mstari huo mweupe unastahili kuelezwa zaidi, kwa kuwa ndio dalili ambayo wanunuzi wengi huipita bila kuiona. Plastiki iliyopindishwa kupita uwezo wake hubadilika rangi pale ilipojikunja, kama inavyoonekana kwenye ndoo au beseni lililokanyagwa. Ili kuuona, vua kitambaa chote cha kiti, kigeuze kiti juu chini, kisha kitazame kwenye mwanga wa jua ukikigeuza pole pole. Chunguza hasa kingo za matundu ya mikanda, njia ya mkanda wa gari, na maungio ya mgongo na kikalio. Pitisha kidole. Ufa, mstari mweupe, sehemu iliyopinda, skurubu isiyo ya asili, waya, gundi au alama ya plastiki iliyochomwa kwa moto ili kuunganishwa, kila kimojawapo ni sababu ya kutosha ya kukikataa kiti. Mafundi wetu ni hodari na wameokoa vitu vingi, lakini ganda la kiti cha mtoto si kitu cha kuungwa. Baada ya plastiki angalia povu jeupe, lile linalofanana na la kufungashia runinga. Likiwa limevunjika, limemegeka au limeliwa na panya huko stoo, kiti hakifai.

Mikanda ya kiti nayo ikaguliwe kwa urefu wake wote, ikiwamo sehemu iliyojificha nyuma. Isiwe na nyuzi zilizochomoka, mkato, mahali palipoungua, wala mshono ulioongezwa na fundi cherehani. Mkanda uliokakamaa au kuchakaa kingoni umechoka. Wauzaji wengine hufua mikanda kwa dawa ya kung'arisha nguo ili ipendeze, jambo ambalo hudhoofisha nyuzi. Harufu ya dawa hiyo au weupe wa madoamadoa ni onyo. Maelekezo ya watengenezaji wengi ni kuifuta mikanda kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini tu. Kisha funga kifungio: kinapaswa kulia "ta" na kukaa, kifunguke kwa kukibonyeza kwa nguvu kiasi, na kisifunguke kwa kukivuta. Kifungio kinachogoma huenda kimejaa uji tu, nacho husafishwa kwa maji ya uvuguvugu bila mafuta. Mwisho kaza mikanda, kisha ivute mbele kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote. Ikiteleza hata kidogo, kirekebishaji hakishiki.

Lipo jambo la umri pia. Plastiki huzeeka kwa joto na jua, na gari lililofungwa vioo na kuachwa juani mchana kutwa huwa tanuri. Viti vinavyotoka Marekani na Kanada aghalabu huandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo kwa kawaida ni kati ya miaka 6 na 10 tangu kutengenezwa. Vya Ulaya na Japani mara nyingi havina tarehe hiyo, bali vina tarehe ya kutengenezwa, na mzazi anaweza kuutumia muda huohuo kuwa kipimo. Tarehe hupatikana kwenye lebo iliyobandikwa ubavuni au chini ya kiti. Ikiwa lebo imetoka, geuza kiti na utafute kwenye plastiki alama ya duara iliyochapwa kama uso wa saa, yenye namba 1 hadi 12 pembeni, mshale, na tarakimu mbili katikati. Mshale huonyesha mwezi, na tarakimu za katikati huonyesha mwaka: 14 maana yake 2014. Viwanda vya plastiki huweka alama hiyo kwenye kalibu, hivyo muuzaji hawezi kuibandua.

Lebo hueleza zaidi ya tarehe. Kiti kilichopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na lebo yenye herufi E ndani ya duara, ikifuatiwa na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Kanuni zenyewe ni mbili. Ya zamani ni namba 44, ambayo hupanga viti kwa uzito wa mtoto, na namba ya kibali chake huanza na tarakimu mbili zinazotaja toleo. Ikianza na 04, kiti kimepimwa kwa toleo la mwisho la kanuni hiyo, lililoanza mwaka 2005. Ikianza na 01 au 02, kiti ni cha kale, na Umoja wa Ulaya ulikwisha kuvipiga marufuku viti vya namna hiyo tangu mwaka 2008. Kisipokelewe hata cha bure. Kanuni mpya ni namba 129, iliyoanza mwaka 2013, nayo hupanga viti kwa urefu wa mtoto katika sentimita na kuvipima pia kwa mgongano wa ubavuni.

Kwa kuwa magari mengi tunayotumia hutoka Japani, viti vinavyokutwa ndani yake huwa na maandishi ya Kijapani. Hilo lisimtie mzazi hofu. Tarakimu za mwaka na uzito husomeka, na simu janja yenye programu ya kutafsiri kwa kamera huweza kusoma yaliyobaki. Japani ilihamia kikamilifu kwenye kanuni ya Umoja wa Mataifa mwaka 2012, hivyo kiti cha nchi hiyo kisicho na herufi E kwenye duara ni cha kabla ya hapo, na umri wake peke yake unatosha kukikataa. Cha China hutambulika kwa alama ya CCC. Cha Marekani hakina E, bali maelezo marefu yanayotaja kwamba kinakidhi viwango vya shirikisho vya usalama wa magari, pamoja na jina la modeli na tarehe.

Jina na namba ya modeli viandikwe pembeni, kwa kuwa vina kazi mbili. Kwanza, mzazi avitafute kwenye intaneti pamoja na jina la mtengenezaji ili ajue kama kiti hicho kiliwahi kuitwa kirudishwe kiwandani kwa sababu ya dosari. Pili, kwa namba hiyohiyo anaweza kupata kitabu cha maelekezo, ambacho watengenezaji wengi hukiweka wazi mtandaoni. Kiti kisicho na lebo yoyote, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kuthibitishwa umri, kiwango wala uzito wa mtoto kinayempasa. Kwa maoni ya mwandishi, hapo mazungumzo ya bei yanapaswa kukoma.

Kiti kikishapita katika ukaguzi huo, bado kinapaswa kukubaliana na mtoto na kukubaliana na gari. Kichanga hukaa akitazama nyuma ya gari. Kichwa chake ni takriban robo ya urefu wa mwili wake, na shingo yake haijakomaa, hivyo akitazama mbele kichwa hurushwa na shingo huvutwa peke yake, ilhali akitazama nyuma ganda la kiti hupokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Kanuni namba 129 inataka mtoto abaki katika mkao huo hadi avuke miezi 15, na akiendelea zaidi ya hapo kwa kadiri uzito na urefu unavyoruhusu ni bora. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe kwenye siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko huo hufumuka kwa nguvu kubwa na kukipiga kiti mgongoni, sentimita chache kutoka kichwa cha mtoto. Mahali pake ni siti ya nyuma.

Kuhusu gari, tatizo la kwanza kwetu si la kiufundi. Magari mengi hushonewa makava ya siti yanayofunika vifungio vya mikanda ya nyuma, na wapo wamiliki ambao hawajawahi kuviona tangu wanunue gari. Kava lipasuliwe au livuliwe. Mkanda wa nyuma uvutwe wote nje ukaguliwe, kisha uvutwe kwa ghafla kuona kama unashika. Usiposhika, kiti kizuri kuliko vyote hakitasaidia. Magari ya zamani hayana vyuma vya kushikia kiti vinavyojulikana kama ISOFIX, lakini viti vingi hufungwa kwa mkanda wa kawaida wa pointi tatu. Kwenye kiti cha kanuni namba 44 njia ya mkanda imepakwa rangi: buluu kwa mtoto anayetazama nyuma, nyekundu kwa anayetazama mbele. Mkanda wa kiunoni peke yake, ule wa siti ya katikati katika baadhi ya magari, usitumike isipokuwa kitabu cha kiti husika kimeuruhusu.

Ukikifunga, kikandamize kwa goti huku ukiukaza mkanda, kisha kishike pale mkanda unapopita na ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5 upande wowote. Mtoto avuliwe koti na blanketi nene kabla ya kufungwa, afunikwe juu baada ya mikanda kukazwa. Asubuhi za baridi za Ngara huwashawishi wazazi kufanya kinyume. Mikanda ya mabega ianzie usawa wa mabega au chini kidogo kwa anayetazama nyuma, na usawa wa mabega au juu kidogo kwa anayetazama mbele. Ukijaribu kuukunja mkanda begani kwa vidole viwili, usiweze kuukamata mkunjo. Kidevu cha kichanga kisilale kifuani, kwani njia ya hewa huziba. Kwa sababu hiyohiyo kiti cha gari si kitanda cha kulazia mtoto sebuleni.

Kwa watoto wakubwa zaidi, kikalio cha kuinulia ndicho kinachohusika, na ukaguzi wake ni mwepesi kwa sababu kina sehemu chache. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aendelee kutumia kizuizi kinachomfaa hadi afikishe angalau miaka 10 au urefu wa sentimita 135.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na sasa kuongozwa na Sheria Na. 2 ya mwaka 2009, ndilo lenye jukumu la viwango na ubora wa bidhaa nchini. Mwananchi anayeona kiti kipya sokoni chenye lebo anayoitilia shaka anaweza kulipelekea taarifa. Lakini kwa kiti kimoja kilichokwishatumika na kupita mikononi mwa watu, hakuna mkaguzi anayeweza kurudisha historia iliyopotea. Muuzaji aulizwe maswali matatu ya wazi: nani alikuwa nacho, kimewahi kuwamo ndani ya gari lililogonga au kugongwa, na kimekaa wapi tangu kiachwe kutumika. Vivyo hivyo kwa kiti kilichokutwa ndani ya gari la mtumba. Gari lenye dalili za kugongwa na kunyooshwa bodi, au mifuko ya hewa iliyobadilishwa, limekupa jibu kuhusu kiti kilichokuwamo.

Wapo watakaouliza: je, kiti chenye historia isiyojulikana si afadhali kuliko mapaja ya mama? Swali ni la haki, na halijibiwi kwa neno moja. Kiti chenye lebo kamili, ambacho umri wake haujapita, kisicho na ufa wala dosari ya mikanda, na ambacho kimekosa tu ushahidi wa aliyekuwa nacho, bado kina nafasi kubwa ya kumshika mtoto, wakati mapaja hayana. Mzazi asiye na njia nyingine anaweza kukitumia akijua upungufu huo, huku akitafuta kingine. Kiti chenye ufa, kilichoungwa, kisicho na lebo au kilichojulikana kupata ajali hakiingii katika mjadala huu.

Asiye na kiti kabisa hana namna ya kumbeba kichanga garini iliyo salama kikamilifu, na haifai kumdanganya. Anachoweza ni kupunguza hatari: kuahirisha safari isiyo ya lazima, kuepuka kusafiri usiku katika barabara ya malori, kukaa siti ya nyuma ya gari lisilojaza abiria kupita kiasi, mama mwenyewe kufunga mkanda usiomzungushia mtoto, na kumtaka dereva asizidishe mwendo. Familia na majirani wanaweza pia kumiliki kiti kimoja cha kichanga kwa pamoja, kikapokezanwa kutoka mtoto hadi mtoto, kwa kuwa kiti cha vichanga hutumika kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo tu. Kwa utaratibu huo historia ya kiti haipotei: anayekipokea anamfahamu aliyekuwa nacho, na kitabu cha maelekezo hukabidhiwa pamoja na kiti.

Kiti kilichokataliwa kisirudishwe gulioni wala kuachwa jalalani kikiwa kizima, maana kitaokotwa, kitaoshwa na kuuzwa kwa mzazi mwingine. Kata mikanda yote kwa mkasi au kisu, ng'oa kifungio, vua kitambaa, na uandike kwa wino usiofutika kwenye ganda, kwa herufi kubwa, HAKIFAI. Kile cha gulioni chenye mstari mweupe kiliharibiwa kwa njia hiyo, baada ya muuzaji kuonyeshwa mstari huo juani na kukubali kukitoa bila malipo.